Fimbo Nyuma ya Mlango

Somoe, nimeiona fimbo yako ya gofu
nyuma ya mlango, hapa hapa Nachingwea,
imegeuzwa upondo wa kuangulia mabibo.
Chuma kimeota kutu,
utomvu wa korosho umekiunguza.

Sikuja kukulaumu. Mtoto ana miezi saba,
na mama mkwe kashasema
uwanja ule ni wa wanaume wenye kofia.

Lakini nani aliwabebea mifuko
misimu mitatu, kwa shilingi elfu mbili,
akajua kabla yao upepo utaupinda wapi mpira?
Nani alifagia mchanga wa shimo la sita
kwa gunia, ukanyooka kama shuka la wageni?

Na siku ile ulipopiga wewe,
mpira ukavuka kichuguu,
ukavuka mikorosho,
wakauliza, "Nani huyo?"
Hukujibu. Uliinama, ukaokota kijiti chako.

Jumamosi tuko watatu: mimi, Bihawa,
na bintiye wa darasa la tano
anayeshika fimbo kama mwiko wa ugali.
Mtoto mlete. Tutapokezana kumbeba,
shimo kwa shimo.

Kutu nitaisugua mwenyewe, kwa majivu.
Wewe njoo na mikono.