Mahali pa Kuandika Kazi

Pale komini karani aliniuliza: kazi?
Nikajibu: mcheza dansi.
Akainua kichwa, akaitazama miguu yangu,
kandambili, ukucha mmoja mweusi,
akacheka kidogo kwa pua, akaandika: hana.

Herufi nne.
Nimezibeba tangu Machi ndani ya mkoba,
kati ya plasta na chupa ya mafuta ya kuchulia.

Hana. Miye niliyevunjika kidole cha mguu
juu ya saruji iliyomwagwa juu ya lava,
nikamaliza onyesho, nikainama kwa watu,
ndipo nikalia nyuma ya pazia
ambalo mama Mapendo alilishona kwa maturubai.
Hana.

Jumamosi tukakutana kwa Paluku, Mabanga Kusini.
Watu ishirini na mmoja, viti saba.
Nsimire alikuja kutoka Bukavu kwa boti la usiku,
macho mekundu, daftari kwapani,
na hakutufundisha hatua hata moja.
Leo hamchezi, alisema. Kaeni.
Akatoa mkataba wa kurasa mbili,
akatusomesha kama watoto wa darasa la kwanza,
kidole chini ya kila neno:
hapa ndipo jasho lenu linapoliwa,
na hapa, kwenye maandishi ya sisimizi,
mmetoa picha zenu milele kwa soda na nauli.
Byamungu aligeukia ukuta.
Alikwisha kutia sahihi mara tatu.

Mchana akatufundisha goti.
Sikujua goti lina majina mengi hivyo.
Miaka kumi na minne nimelitumia kama mwiko,
nikikoroga tu, nisiulize kama linaungua.
Akabonyeza kwa kidole gumba: hapa pana kamba,
ikikatika, hakuna wa kukushonea.
Likivimba, weka barafu.
Tukacheka wote: barafu gani, kwa umeme huu?
Akacheka naye, kisha akanyamaza.
Basi andikeni na hilo.

Barua ya kwa meya ilituchukua usiku mzima.
Safi alitaka ianze na mashairi,
Byamungu alitaka ianze na matusi.
Paluku, ambaye huongea mara moja kwa juma,
akasema: anzeni na sakafu.
Mkubwa haoni ndoto. Mbao ataziona.

Mbao tukazipata kwa fundi wa Ndosho, nusu kwa deni.
Mumbere akazipakia kwenye chukudu,
akateremka nazo akipiga mluzi, goti moja juu ya ubao,
na nilipomwona anavyoinama kwenye kona
nikawaza: huyu naye, nani amemwandikia kazi?

Nilirudi komini mara ya tatu.
Karani yule yule alikuwa akishuka ngazi
upande upande kama kaa, kiganja ukutani.
Nikasema kabla sijafikiri:
ukishuka, tanguliza mguu mbovu. Ukipanda, mzima.
Akajaribu. Akafika chini.
Akaitazama tena miguu yangu, safari hii kwa muda.
Nani alikufundisha?
Kazi yangu.

Hakufuta kitu.
Alisema mashine haina neno hilo,
orodha inatoka Kinshasa, yeye ni mkono tu.
Lakini aliigonga barua yetu muhuri, mara mbili,
maana wa kwanza haukukolea,
akaandika kwa kalamu namba ya mlango
ambao sisi hatukujua kama upo.

Jioni tukazipanga mbao juu ya matairi ya zamani
tuliyoyakata vipande kama mkate.
Misumari haikutosha. Deni bado liko.
Hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu,
tuliruka tu, kila mmoja kwa wakati wake,
mbao zikalia, jirani akafungua dirisha,
na nilipotua
ardhi hii, ambayo siku zote hupokea tu,
ikanirudisha juu kidogo.