Marejesho ya Masurufu

Ndugu Mhasibu,
umeniandikia kwa kalamu nyekundu:
"Siku tatu Moshi, wakutubi arobaini, ukumbi mmoja.
Fafanua tija."

Risiti nimezibana kwa pini.
Chumba nyuma ya stendi, chandarua chenye tundu moja
nililoliziba kwa tiketi;
ndiyo maana tiketi ya kwenda haimo.

Tija ni hii.

Siku ya kwanza hatukusikika.
Watu arobaini waliozoea kunong'ona
walipewa kipaza sauti,
wakakishika kama yai la kuazima.
Mwenyekiti akapaza: "Sauti, jamani!"
Sisi sote, kwa mazoea ya kazi,
tukamgeukia, kidole mdomoni.
Ukumbi ukaangua kicheko.
Sijawahi kucheka na mwenzangu wa kazi
kwa kuwa sina mwenzangu wa kazi.
Mimi ndiye mkutubi, mimi mfagizi,
mimi najiomba ruhusa, mimi najinyima.

Mgeni rasmi alihutubia mustakabali.
Kesho, alisema, kila kitabu kitaishi ndani ya simu.
Umeme ukakatika kabla hajaifikia kesho.
Tukafungua madirisha. Mlima ulikuwa umejifunika,
kawaida yake ukisikia wageni.

Sibishi, Mhasibu. Simu imeshakuja.
Aristida wa kidato cha pili husomea yake
chini ya dirisha la maktaba yangu,
maana hapo ndipo mtandao unaposhika.
Sikumfukuza. Nimemtolea kiti.

Siku ya pili, saa nne, chai na maandazi
(walitoa wenyeji, usiyatafute kwenye risiti),
nilisimama na Nakijwa wa Usangi.
Kidole chake kina doa la wino wa muhuri
palepale lilipo langu.
Tukaanza na mchwa, kama wengine waanzavyo na mvua.
Yeye huchemsha mwarobaini.
Mimi humwaga mafuta ya taa na kumwomba Mungu.
Kisha, sijui kwa nini, nikamsimulia
*Maradhi ya Mibuni*, juzuu ya kwanza,
jalada la kijani, miaka kumi na moja naliazimisha.
Kutu ya majani imo, chulebuni imo, mnyauko umo
na picha zake. Ukurasa wa mwisho:
*Kwa tiba, tazama juzuu ya pili.*

Kavishe alilisoma kwa miwani ya kufunga na uzi,
akalirudisha siku ya ahadi.
"Nimekijua kinachoniua," alisema. "Enhe?"
Sikuwa na la kumpa.
Nikagonga muhuri: LIMERUDI.
Msimu uliofuata aling'oa shamba, akapanda parachichi.

Nakijwa akaweka kikombe chini.
Juzuu ya pili anayo yeye.
Jalada la kijani. Safi, halina hata alama ya kidole,
maana linaanza na dawa
na halisemi za nini.

Rombo na Upare, milima inaonana.
Miaka yote hiyo naazimisha ugonjwa,
na mwenzangu anapangusa vumbi dawa.
Chai ilipoa. Hakuna aliyeinywa.

Siku ya tatu hatukungoja ratiba.
Mtu alichukua chaki, akaandika ubaoni:
NINA NUSU YA NINI?
Tukapanga foleni hadi mlangoni.
Nakala ya ubao huo nimeambatisha, kurasa nne,
mbele na nyuma.

Kwenye fomu yako, kisanduku cha tija
kina upana wa kidole gumba.
Nimeandika: *juzuu ya pili.*
Lilifika Jumanne kwa mkono wa konda,
limefungwa ndani ya kanga.
Elfu mbili nimetoa mfukoni, sidai.

Jioni nikampelekea Kavishe.
Alilipima uzito mkononi, akatazama parachichi zake,
akanyamaza muda ambao sikuupenda.
"Liache," akasema.
"Nyuma ya choo nilisahau mibuni sita."

Anatakiwa kulirudisha tarehe kumi na nne.