Kikuba cha Mabaki

Mimi nalikuwa mtu wa viti.
Viti mia mbili vya plastiki, vya kukodi Makadara,
na kila kitakachovunjika mguu nakatwa mimi.
Kwa hiyo Siku ya Urafiki wa Kenya na Japani
niliitazama kwa jicho la mtu ahesabuye.

Hotuba nne, na ya tano ikijiita neno fupi.
Watoto wa karate kutoka Kisauni, kumi na mmoja,
waliopiga ukelele hadi paka wa ukumbi akahama.
Feni tatu, moja hai.

Ikaja chai ya kijani ndani ya vibakuli.
Mzee Bakathir akaonja, akauliza sukari i wapi.
Mkewe akamkanyaga kidole chini ya meza:
"Na ile kahawa chungu ya kila jioni
waitilia sukari, au waitafunia halua?"
Akatafuna kitamutamu cha maharagwe mekundu,
akanywa tena, polepole,
kama mtu aliyeonyeshwa binamu
ambaye hakuambiwa kuwa yupo.

Kisha Bi Sugimori, mpanga maua.
Maua yake yalikuwa yamezuiliwa Nairobi,
sandukuni, chini ya muhuri wa forodha,
ikabidi kijana atumwe Kibokoni
kwa Bi Mwanatumu Shee, mfunga vikuba.
Akaja mwenyewe, sinia kichwani.
"Maua yangu hayatumwi."
Asmini, rehani, mkadi,
na tawi la mkomamanga lililovunjwa uani kwa jirani.

Bi Sugimori akainama. Bi Mwanatumu akanyosha mkono.
Mkono wa mmoja ukakuta utosi wa mwenziwe,
ukumbi ukaangua kicheko, nao wakacheka,
na hapo, kwa hesabu yangu, sherehe ndipo ilipofunguliwa.

Mkasi ukaanza.
Tawi likapoteza jani, na jani, na jani,
hadi likabaki na ua moja lililopinda
kama lasikiliza mlangoni.
Asmini tatu miguuni pake.
Kisha hewa. Hewa tele.
Mkalimani akasema, "Asema, ile nafasi nayo ni ua."

Bi Mwanatumu akaguna.
Kwetu kikuba ni msongamano,
asmini bega kwa bega kama watu maulidini,
mkadi umsukume rehani, rehani amjibu.
Tangu lini pengo likanukia?

Mimi nilielewa, nami sikusoma.
Kazi yangu nusu ni viti,
nusu ni mahali pasipo kiti;
ukisahau kuacha njia hapana atakayeketi.

Makofi. Picha. Mjumbe wa ubalozi akaangalia saa.
Watu wakahamia kwenye sambusa.
Bi Mwanatumu akachuchumaa,
akaokota vilivyokatwa, jani kwa jani,
akavuta uzi kutoka pindo la leso,
akaukata kwa meno, akafunga, akakaza,
akaenda kukipachika kifuani, juu ya ile hariri ya kijivu.
"Mwambie nafasi yake nimeiona.
Nimeijaza kidogo tu."

Bi Sugimori akainamisha pua.
Akavuta pumzi, ikawa ndefu, ikapita adabu.
Akanena jambo kwa sauti ya chini.
Tukamgeukia mkalimani,
binti aliyejifunza lugha ile miaka minne,
akafungua kinywa, akakifunga.
"Asema," akasema. "Asema..."
Akaenda kujichukulia sambusa.

Usiku nikapanga viti, kimoja juu ya kingine.
Mia na tisini na tisa.
Nikatafuta jukwaani, nyuma ya pazia, chooni.
Kile cha mwisho nilikikuta nje, barazani,
wamekikalia wote wawili, nusu kwa nusu,
wembamba wale, viatu vimevuliwa,
hakuna aliyejua hata neno la mwenziwe
na mazungumzo hayakomi.
Mguu mmoja wa kiti ulishaanza kupinda.

Nikarudi ndani, nikaandika: mia mbili, vyote vizima.