Makabidhiano ya Darasa la Nne B

Ufunguo wa kabati nimeuacha kwa Mwalimu Gwimo,
ule mfupi; haufungui mpaka uinue mlango kidogo.
Chaki mabunda mawili. Vitabu vya Hisabati kumi na tisa,
watoto sabini na watatu. Hesabu hiyo utaizoea.
Mahudhurio yote yamo daftarini.
Haya ninayokuandikia hayamo.

Dawati la tatu, dirisha linalotazama reli,
anakaa Bukuru.
Hapa Uvinza jina hilo linajieleza:
ni kurwa, na mahali fulani pana doto.
Butoyi yuko Mpanda na baba yao, huu mwaka wa pili.
Wazazi walipoachana waligawana sufuria, mbuzi,
na hao wawili.

Mimi sikujua. Wiki yangu ya kugawanya
niliandika ubaoni, kwa mwandiko wa madaha:
Mama ana watoto wawili na miwa minane.
Kila mtoto atapata mingapi?
Darasa likapaza: minne!
Bukuru aliandika minane,
na pembeni, kwa herufi za kusinzia:
*minne ni ya kuwekewa.*
Nikaipiga mkasi, wino mwekundu.
Siku tatu hakuninyooshea mkono.

Nikaenda kwao, maneno makali nimeyapanga mdomoni.
Saa nne asubuhi, mama amelala.
Moyoni nilishamwita mvivu
kabla sijaviona vidole vyake, chumvi imevipasua
kama tope la Malagarasi wakati wa kiangazi.
Usiku kucha huchochea moto, maji yachemke, chumvi ibaki.
Akanawa uso. Akasema:
"Barua zako za kikao nazisoma, Mwalimu.
Zote zimeandikwa *Ndugu Baba*.
Nikajua si zangu."

Anaitwa Skolastika. Herufi kumi,
hazimalizi wino.
Kikao chake tunakifanya saa kumi na moja jioni,
getini kwa kiwanda, tumesimama,
kabla zamu haijammeza.

Alhamisi Bukuru atachelewa.
Siku nyingine humwamsha jirani, Bi Nyamizi wa mawese,
lakini Alhamisi Bi Nyamizi yuko gulioni
na mtoto anajiamsha kwa mlio wa treni,
na treni yetu unaijua.
Usimuulize mbele ya wenzake.

Wala usimhurumie kwa sauti.
Nilimpa kalamu siku moja, nikasema, "maskini huyu."
Muhula mzima walimwita Msaada.
Sasa nimempa kengele aipige.
Anaipiga kama mtu anayedaiwa,
hajawahi kupitisha dakika,
Alhamisi tuisamehe.

Jambo la mwisho, kisha nikapakie godoro;
gari la Kakonko halisubiri.
Tulipofundishana barua ya kirafiki
wengine walimwandikia mjomba wa kubuni.
Yeye aliandika Mpanda.
Barua nne nimezipeleka mimi, kwa utingo wa basi.
Imerudi moja.
Iko kabatini, rafu ya juu, chini ya ramani iliyochanika.
Aliniomba mwenyewe niitunze:
nyumbani inamliza mama.

Kuna siku atakuja mapumziko, asiseme kitu,
asimame tu karibu na kabati, akikwaruza rangi kwa ukucha.
Acha kusahihisha.
Inua mlango kidogo.