Mfuko wa Vumbi

Jumamosi, Section 58, gereji ya Jerotich.
Lumwachi kaja na brashi za kaboni ndani ya soksi,
Nyaguthii na mpira alioukata kwenye tyubu ya baiskeli.
Mashine ya kufyonza vumbi imelala mezani,
mamba wa bati, aliyekufa kashiba.

Tunafungua mfuko.
Vumbi la mwaka gani hili?
Kifungo. Stempu ya malkia.
Shanga tatu za samawati.
Jerotich anazifuta kwa mate.
Mamake aliisukuma hii miaka kumi na tisa, kule Milimani;
siku moja mkufu ukakatika,
akakatwa mshahara
kwa kuinama akizitafuta.

Tunachomeka waya. Inakohoa, inanguruma,
taa zinafifia hadi kwa jirani.
Nje, Menengai inatumwagia vumbi bichi.

"Zima," asema.
"Lile la zamani msilimwage."