Msumari wa Ishirini na Saba

Julai, Longuo. Ukungu haujaondoka hadi saa nne,
Kibo hakuna, mlima umejifunika shuka gubigubi,
na mlangoni pa chekechea yetu
amesimama mtoto na kikombe cha bluu
amekikumbatia kama kifaranga.

Mama yake ana haraka, anasomea uuguzi KCMC,
ametoka Malawi, Kiswahili chake kina wiki tatu:
"Mwalimu, huyu... wangu. Naomba."
Akainama, akamnong'oneza jambo, akaondoka
bila kugeuka. Miaka kumi na tisa nafundisha,
najua mama asiyegeuka anazuia nini.

Nikafungua daftari la mahudhurio, nikaandika kwa penseli
(wageni huwaandika kwa penseli, wanahama),
nikasoma kwa sauti: Takondwa.

Weee! Darasa zima likaangua kicheko.
"Mwalimu, anasema atakonda!"
"Hajala huyo!"
"Apewe uji!"
Brayoni, bingwa wa kucheka kabla ya kuelewa,
akavuta mashavu ndani, akatembea kama ufito.

Mtoto hakulia. Afadhali angelia.
Alitazama sakafu, pale penye ufa unaofanana na mto,
akakaa na ufa wake tangu kuhesabu hadi michezo,
nami nikatoa vyote vilivyomo kabatini:
udongo wa kufinyanga, mdoli asiye na mkono,
vizibo vya soda.
Hata Mama Aikande wa jikoni,
aliyekwisha kubembeleza nusu ya kata hii,
alikuja na kijiko cha sukari, akarudi nacho.

Saa ya uji kikombe kikainuka kidogo.
Sauti nyembamba kama bawaba: "Madzi."

Mimi, mwenye cheti ukutani,
nikasema, "Unasemaje, mwanangu?"
Zulfa ana miaka minne na nusu. Hakuuliza.
Alikwisha fika kwenye ndoo.
"Anataka maji, Mwalimu. Husikii?"

Basi ukawa mchezo usiokuwamo kwenye mtaala.
Wakamburuta dirishani. Ile? Nyumba.
Nyumba! Na kwao pia nyumba!
Moto, moto. Mwezi, mwezi.
Mvua akaiita mvula, wakaimung'unya hiyo l
kama pipi: mvula, mvula, mvulaaa,
hadi nikahofia nguo nilizoanika nyumbani.
Kwa samaki wakagombana. Nsomba, alishikilia,
akapiga mbizi juu ya mkeka kuwathibitishia,
na siku hiyo aliyeshindwa ni samaki.

Walipolala mchana nikalichukua lile jina tena,
nikaligeuza kama ndizi kwenye majivu.
Ta-kondwa.
Kukondwa! Neno tunalolivaa kwenye kadi za harusi,
siku za kazi tunalikunja sandukuni,
twasema kufurahi, yatosha.
Tumekondwa: ndivyo anavyoitwa.
Neno la ukoo mmoja na letu, lililokulia ng'ambo ya Nyasa,
limekuja kututembelea kwa miguu midogo
na sisi tumelicheka mlangoni.

Sikuwahubiria. Walipoamka niliuliza tu,
"Nani amekondwa leo?"
Mikono ishirini na sita juu.
Brayoni aliinua yote miwili, na mguu.
Wa ishirini na saba ulichelewa,
ulikuwa umeshika kikombe.

Saa nane mama akaja mbio, kofia ya uuguzi mkononi,
akatazama viganja vya mwanawe, vitupu.
"Chikho?" akauliza, kwa lugha ya kwao.

Takondwa akanyoosha kidole ndani, kwenye ubao wa vikombe,
ambako kila msumari una picha yake,
kuku, jembe, jua,
na wa mwisho, usio na picha tangu Januari,
ulikuwa na kitu cha bluu,
kinadondosha madzi,
tone, halafu tone,
kwenye ule ufa.