Mafuta ya Akiba

Najua viuno vya marubani kuliko wake zao.
Duka langu liko nyuma ya stesheni ya Vilnius,
ngazi saba chini, dirisha usawa wa viatu vya wapita njia,
na cherehani ya marehemu mama, ambayo mwezi wa pili hugoma kwa baridi.

Kapteni Rimvydas alianza kuja mwaka aliohamia safari za usiku.
"Jadvyga, niachie kidole kimoja."
Nikamwachia. Majira ya majani kupukutika, kidole kingine.
Sikumuuliza; mwenyewe alijitetea, mikono juu kama mtu aliyekamatwa,
utepe wangu ukimzunguka:
wali kwa kuku saa tisa usiku, juu ya bahari isiyoonekana,
wala si njaa, ni kutafuta cha kuzuia macho yasifumbe;
kisha hoteli, mapazia mazito, kifungua kinywa
wakati mwili unaapa kuwa ni jioni.
"Nakaa, nakula, nakaa. Mzigo pekee ninaoinua ni kalamu."

Akacheka. Kifungo kikaruka, kikaviringika chini ya kabati.
Bado kiko huko.

Aliniambia kila kitu hupimwa: masanduku, maji ya chooni,
mafuta hadi kilo ya mwisho.
Ila yeye. Kwenye karatasi rubani ni kilo themanini na tano, na mkoba wake,
awe mnene, awe mwembamba, awe na huzuni.
"Nina mia na kumi na mbili," akanong'ona.
"Ndege inabeba mafuta, nami nabeba yangu.
Tofauti ni kwamba yake huisha njiani."

Daktari wa leseni hakucheka. Alimpa miezi sita.

Basi nikawa namwona, asubuhi za barafu, akitembea kando ya mto Neris
na kofia ya sufu, mvuke ukimtoka kama birika.
Suruali ikarudi mezani. Nikapunguza kidole kimoja, tukashangilia;
vidole viwili, akaniletea keki, mwenyewe hakuionja.
Vidole vinne.
Pini zikaniishia.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikamtazama usoni.
Leseni alishaipata, siku nyingi. Matembezi alishaacha.
Danguolė alikuwa amehama, na mbwa pia.
"Siku hizi sisikii njaa," alisema, kama anayesoma hali ya hewa.
"Nitilie sponji mabegani, wasione."

Sikutia sponji. Nilimkalisha, nikapasha supu ya bitiruti.
Vijiko vitano; nilivihesabu.

Kisha nikaipunguza suruali kama alivyotaka,
lakini mkasi sikuugusa. Kitambaa kilichozidi
nimekikunja ndani ya mshono, pande zote mbili, kizima,
kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kunieleza:
hakuna ndege inayoruka
na mafuta ya safari peke yake.